Bustani ya Ndoo ya Maganda

Tuanze na diploma yangu, ili tuimalize mapema. Nilisomea kilimo Ubelgiji, nikarudi Bukavu na karatasi yenye muhuri mwekundu, na mtaani kwetu hakuna aliyewahi kurudi na karatasi kama ile kabla yangu. Wengine walienda wakabaki. Wengine walirudi na gramafoni. Mimi nilirudi na diploma, buti za mpira na tai moja ya hariri. Sasa ninyi vijana mnaosoma kilimo mnakuja kunisalimu barazani na kuniuliza: "Papa Agronome, zamani mulikuwa munafanya namna gani bila mbolea ya mufuko, bila simu, bila projet ya wafadhili?" Ninakaa vizuri kwenye kiti na kuwajibu: tulifanya vizuri kuliko ninyi. Vuteni viti.

Hakuna aliyenibeba mgongoni. Baba alikuwa kibarua katika shamba la kwinini huko Katana, na likizo zangu zote za utoto nilibandua magome pamoja naye ili nipate kaptula ya shule. Kwa hiyo nikijisifu, vumilieni. Kila mtu ana haki ya kula alichopanda mwenyewe.

Ile tai haikuishi siku nyingi. Nchi ilikuwa Zaïre, na tai ilikuwa imekatazwa. Mwanaume wa heshima alivaa koti la abakosti, kola imefungwa hadi kooni. Pale uwanja wa ndege askari aliitazama shingo yangu, akainyoshea kidole. Nikaivua. Mwezi haukuisha nikaikata vipande, nikafungia nyanya kwenye vijiti vyake. Ndiyo maana ninaweza kusema bila kuogopa mtu: nyanya za kwanza za bustani yetu zilivaa tai ya Brussels wakati mawaziri wenyewe hawakuruhusiwa.

Bustani yetu ilikuwa mteremkoni, upande wa Kadutu, mahali ambapo watu walitupa takataka na mbuzi waliteleza. Ukisimama juu uliona ziwa lote. Ukitazama miguuni uliona korongo lililochimbwa na mvua. Chini kabisa palikuwa na safu ya nyumba za udongo. Ile ya kwanza, iliyogusa mteremko kwa mgongo wake, ilikuwa ya Maman Nsimire, mjane aliyeuza mboga soko la Nyawera. Mvua kubwa ikinyesha, maji yaliingia kwake kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa mbele, na siku nyingine yaliondoka na sufuria. Yeye ndiye aliyekuja kuniona mimi, siku za kwanza kabisa nilipokuwa bado natembea na diploma chini ya kwapa.

"Ni weye ulisoma udongo ku Bulaya?" aliniuliza.

"Ndiyo, maman. Miaka mizima."

"Basi kuya uambie ule udongo wa kule juu usiingie kwangu."

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na maprofesa, na nilikuwa na jibu lake. Tukaomba ule mteremko kwa ofisi ya zone, serikali ya wilaya yetu. Wakatupa kwa mdomo tu, maana nani alitaka korongo la mbuzi? Tukaufanya bustani ya mfano, mahali pa wazi ambapo mtu yeyote wa mji angeingia, aone namna ya kulima nyuma ya nyumba yake, aulize, aguse, arudi kwake ajaribu.

Walioilima hawakuwa vibarua. Walikuwa wajitoleaji, na niliwafundisha mimi. Wengi walikuwa akina mama wa parokia, pamoja na wazee wachache waliostaafu. Msiwachanganye na salongo, kazi ya lazima ya serikali. Siku za Jumamosi salongo iliita kila mtu kwa filimbi na kwa kuogopa. Watu walifagia barabara huku wakitazama jua. Kwangu walikuja bila filimbi, na jioni ilinibidi niwafukuze. Hakuna aliyeruhusiwa kuongoza mgeni kabla hajamaliza msimu mzima wa mafunzo, kisha asimame mbele yangu aeleze kitalu chake chote bila kusema "labda". Neno hilo nililipiga marufuku. Mgeni akisikia "labda" anarudi nyumbani kulima kama babu yake.

Ngoja niwape kitu cha kazi, msije mkasema mzee alituita kupiga domo. Mkipewa mteremko, msianze na jembe. Chukueni miti miwili yenye urefu sawa, ifungeni pamoja juu, tanueni miguu, kisha fungeni mti wa tatu katikati ukiwa umelala, umbo la herufi A. Pale juu ning'inizeni jiwe kwa kamba. Tafuteni kwanza katikati halisi ya ule mti uliolala: wekeni alama kamba inapogusa, geuzeni miguu, wekeni alama nyingine, katikati ni baina ya alama hizo mbili. Baadaye tembezeni chombo chenu mlimani. Kamba ikigusa katikati, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Pigeni kigingi, endeleeni. Mkimaliza mtakuwa na mstari unaozunguka mlima kama mkanda kiunoni. Chimbeni mfereji hapo, udongo utupwe juu, na juu yake pandeni majani ya ng'ombe yakibanana. Tulifanya hivyo mikanda kwa mikanda. Mvua ya kwanza iliyofuata, maji yalishuka yakitembea badala ya kukimbia. Asubuhi Maman Nsimire alipanda juu na kikombe mkononi, akaninyoshea: chai. Tangu nizaliwe sijanywa chai tamu kama ile, na nimekunywa ya Wabelgiji.

Sasa kuhusu ndoo. Nilipokuwa mtoto Katana, kulikuwa na bruda mmoja wa misheni mwenye bustani ya mboga. Ukienda kuitazama alikuuliza, "Umekuja na nini?" Ukija mikono mitupu alikutuma urudi na mavi ya mbuzi. Nililichukua wazo lake, nikaliboresha, kama ilivyo kawaida yangu. Mlangoni mwa bustani yetu hakuna aliyelipa hata kidogo. Lakini kila mgeni alikuja na ndoo, karai au kikapu cha maganda ya jikoni kwake. Maganda ya ndizi, ya viazi, ya maharagwe, majivu, vyote. Udongo wa mlima uliooshwa na mvua una njaa, na mji mzima ulikuwa unatupa chakula chake mitaroni.

Mlinzi wa mlango alikuwa Maman Nsimire. Mbele yake meza ya mbao, nyuma yake kibanda kidogo, na ndani ya kibanda, ukutani, diploma yangu kwenye fremu, ili mtu anayengoja ajue anaingia wapi. Kila ndoo ilimwagwa juu ya meza na kuchambuliwa hadharani. Kinachooza kilienda kushoto, kwenye shimo la mboji palepale ndani ya mlango. Miti migumu na mashina vilienda kulia, kutandazwa kuzunguka shimo, maana vinachelewa kuoza. Makopo, vigae na mifuko vilirudi ndani ya ndoo na mwenyewe akaenda navyo kwake.

Mngekuwepo Jumapili moja tu, baada ya misa! Foleni ilishuka hadi barabarani, kila mtu na ndoo yake, mavazi ya kanisa, watoto mabegani. Watu hawakuja kwa sababu ya karoti peke yake. Walikuja kusikia ulimi wa Maman Nsimire.

"Eh, maman, maganda ya viazi manene hivi! Unamenyaka ama unapasuaka kuni?"

Foleni yote ikacheka.

"Na weye papa, majivu tu? Bibi yako aligoma kupika?"

"Alienda kwao, maman."

"Basi ingia ujifunze mboga, utakula nini?"

Ndani, kila kitalu kilikuwa na mjitoleaji wake amesimama kama askari. Huyu alionyesha vitunguu katikati ya karoti, yule namna ya kufunika mche kwa ganda la mgomba jua likiwaka. Lakini kelele kubwa ilitoka kwenye shimo la mboji, kwa Papa Sylvestre. Jina hilo la ubatizo serikali ilikuwa imelikataza. Kwenye kadi yake alikuwa Citoyen, yaani raia, Balagizi. Lakini mke wake alimwita Sylvestre kwa sauti iliyofika ziwani, nasi tukafuata. Papa Sylvestre alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mtu wa usafi, asiyevumilia hata uzi kwenye koti. Alichomeka fimbo ndefu katikati ya shimo, akapiga hadithi kidogo, kisha akaichomoa ghafla na kuigusisha kwenye mkono wa mgeni.

"Yooo! Inaunguza!"

"Hakuna moto pale, papa. Ni maganda yako ya wiki iliyopita iko inapika."

Watu walirukaruka, wakataka kuguswa tena. Na ninyi kumbukeni hiyo fimbo. Ikitoka na joto, shimo linafanya kazi. Ikitoka baridi na kavu, mwagia maji. Ikitoka baridi na kunuka, mvua imeingia. Geuza mboji, uifunike kwa majani ya mgomba. Hakuna chombo cha maabara kinachoishinda fimbo.

Basi, mahali pakishakuwa pazuri, kila mtu anapaona. Mfanyabiashara mmoja mkubwa aliuona mteremko wetu, ukiwa sasa umetulia, umenyooka, karibu na barabara. Akaomba apewe aweke depo, ghala lake la bia. Angeukata mlima kwa matingatinga, atengeneze uwanja wa malori. Habari ilipotufikia, Maman Nsimire hakupiga kelele. Alitazama mikanda ya majani mlimani, juu ya paa lake, akasema polepole, "Agronome, wakikata pale, nyumba yangu itaenda ku ziwa, na miye ndani." Ilikuwa kweli. Sikuhitaji diploma kuona hilo, ingawa nilikuwa nayo.

Mwenye neno la mwisho alikuwa Commissaire, mkuu wa zone. Wakubwa wa siku zile waliletwa kutoka mikoa mingine. Huyu alitoka mbali, kule mtoni, mtu wa joto na Kilingala, na Bukavu ilimkalia kama koti la baridi. Akatuma neno: Jumapili atakuja kuona mwenyewe kabla ya kuamua.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, si kwa hofu, kwa hamu! Nilikuwa na maneno ya Kifaransa yaliyopangwa kama vitunguu kitaluni. Mercedes nyeusi ikasimama. Akashuka Commissaire, abakosti ya rangi ya majivu, fimbo ya heshima mkononi, wasaidizi nyuma yake. Nikafungua mdomo. Maman Nsimire akanitangulia.

"Karibu, Citoyen Commissaire. Ndoo iko wapi?"

Commissaire akaishusha fimbo yake.

"Ndoo gani?"

"Ya maganda. Mutu haingiake huku mikono mitupu. Hata Padri wetu analetaka."

Msaidizi mmoja akamwambia, "Maman, unajua unasema na nani?"

"Najua. Ndiye mukubwa wetu. Ndiyo maana ndoo yake inapashwa kuwa kubwa."

Niliona maneno yangu ya Kifaransa yakinyauka moja moja. Lakini ngoja: yule mtu aligeuka, akamtazama dereva, akasema kwa Kilingala kitu kifupi. Gari likaondoka. Na Commissaire wa zone akasimama mlangoni pamoja na watu wa Kadutu, akingoja maganda ya jikoni kwake. Nikatumia nafasi hiyo kumwonyesha diploma. Aliisoma yote. Hakukuwa na kingine cha kusoma.

Gari liliporudi, nyuma alishuka mwanamke mrefu wa kitenge cha kijani, ndoo mkononi, hakumwachia dereva. Alikuwa mke wake. Akaja moja kwa moja mezani.

"Ni nani alimukatalia bwana yangu kuingia?"

"Ni miye, maman," akasema Nsimire, mikono kiunoni.

Yule mwanamke akamtazama juu mpaka chini. Halafu akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. "Tangu tulifika mu hii mji, ni weye mutu wa kwanza ananiomba kitu yenye niko nayo." Akamwaga ndoo mwenyewe.

Maganda ya ndizi, ya viazi. Na mashina fulani magumu, mekundu, yenye vifuko vikavu. Nsimire akayashika. "Hii nini?"

"Ngai-ngai. Mboga ya kwetu. Ndugu zangu wanatumaka na ndege toka Kinshasa. Inafika imekufa nusu, napika majani yenye inabakia. Huku kwenu haipatikane. Baridi yenu iko inaua kila kitu, hata hamu ya kula."

Nsimire akayatupa mashina kulia, pamoja na miti migumu, kama sheria ilivyotaka, nasi tukaingia. Nilieleza vizuri. Nasema wazi: nilieleza vizuri sana. Commissaire alishangaa fimbo ya Papa Sylvestre, alisimama juu ya mikanda, aliuliza maswali ya mtu mwenye akili. Mwishoni akajifuta vumbi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Bustani iko muzuri. Nawapongeza. Lakini depo nayo ni maendeleo, na mwenyewe yuko tayari. Muvune. Mvua ikiisha, mashine zitaingia."

Nikamtazama Maman Nsimire. Alikuwa anafuta meza, na aliendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi.

Wengine wangekata tamaa. Mimi niliamuru tuongeze vitalu! Niliwaambia wajitoleaji wangu kwamba tutawapokea wenye mashine na bustani nzuri hadi waone haya kuwasha injini. Wakanisikiliza, wakapanda kama wendawazimu. Mvua ilikuwa ya kupendeza, mboga zilijaa hadi njiani, na kila Jumapili foleni ilizidi kurefuka, maana mji wote ulitaka kuona kabla haijavunjwa.

Sasa fikeni hapa polepole. Jumamosi moja alasiri nilipita karibu na shimo la mboji. Papa Sylvestre alikuwa amemaliza usafi wa Jumapili. Amepalilia pande zote, udongo unang'aa kama meza ya padri, na kando yake rundo la magugu aliyong'oa. Nilikuwa nimewafundisha hivi: usichokipanda, king'oe. Naye alikuwa mwanafunzi wangu bora. Nikatupa jicho kwenye lile rundo, nikapita. Nikarudi. Katikati ya magugu mlikuwa na miche midogo, mashina mekundu, majani yenye meno ukingoni.

Nikachuma jani, nikalitia mdomoni. Ukali! Taya zikabana, macho yakatoa machozi. Ninyi hamkuwepo, lakini mimi, kabla ya kupanda ndege ya Ubelgiji, nilikaa Kinshasa nikisoma, na kwa ufukara nilikula mboga hiyo hadi jasho langu likawa kali. Ulimi wangu ulikuwa na diploma yake.

"Sylvestre!" nikapiga kelele. "Umeng'oa ngai-ngai!"

"Nimeng'oa nini? Ni magugu! Sisi hatukuipanda!"

"Ni ya Maman Commissaire! Leta maji! Leta majani ya mgomba! Kimbia, papa!"

Mzee alikimbia na koti lake safi. Nilielewa mara moja jinsi ilivyotokea, na hili ni somo, mlishike. Mbegu zile zingeingia shimoni, joto lingeziua. Shimo linalopika vizuri halibakizi mbegu hai. Lakini zilikuwa kwenye vifuko vya mashina magumu, na mashina magumu tulikuwa tunayatandaza nje, kuzunguka shimo. Hapo udongo ulikuwa na joto la shimo bila moto wake, na ukuta wa matofali tuliojenga nyuma yake ulikinga upepo wa ziwani. Mahali pekee katika mji wote ambapo mboga ya mtoni ingeweza kujidanganya kwamba iko nyumbani.

Tuliirudisha miche palepale, mizizi kwenye tope laini, kila mmoja na kofia yake ya ganda la mgomba. Maman Nsimire alifika akitukuta tumepiga magoti, mimi na Sylvestre, tukipuliza majani kama watu wanaowasha moto.

"Munaabudu nini pale?" akauliza.

Nikamweleza. Akapiga magoti naye, kitenge chake kikigusa tope, akaanza kumwagilia kwa kiganja. Midogo ilikufa. Mingine ililala siku kadhaa kama walevi, kisha asubuhi moja ikainua vichwa. Nilipiga kelele kiasi kwamba mbwa wa mtaa walibweka.

Tukaingoja ikue. Kila Jumapili wageni waliuliza ni nini, na Papa Sylvestre, ambaye nusura aiue, aliieleza kama mjomba wa bwana harusi. Mvua ilikuwa imeanza kupungua, na mfanyabiashara alikuwa ameshakuja kupima kwa hatua zake, wakati ilipofika magotini, majani mapana, yanachumika. Siku hiyo nilimtuma dereva wa Commissaire, aliyekuwa mgeni wetu wa kila Jumapili siku hizo, ampelekee Maman Commissaire maneno haya: ndoo yako imezaa.

Alikuja kwa miguu, na ndala za nyumbani. Hakumsalimu mtu. Nsimire akampeleka shimoni. Yule mwanamke akachutama, akagusa shina, akachuma jani, akalitafuna. Akabaki vile, mdomo umekunjwa, macho yamejaa.

"Mu baridi hii," akasema. "Mu baridi hii!"

"Chuma, maman," Nsimire akamwambia. "Ni yako. Acha tu kichwa, itachipuka tena."

"Na mashine zikikuya?"

Nsimire akanyosha mkono chini, kwenye paa lake la mabati lililoonekana baina ya majani. "Zikikuya, itaondoka hii, na ile nyumba pale. Ni yangu."

Maman Commissaire aliitazama ile nyumba. Kisha akafunga majani kwenye pindo la kitenge. "Jina langu ni Bolumbu," akasema. "Munisomeshe. Nataka kusimama hapa Siku ya Mungu, baada ya misa, kama wengine."

Na alisoma! Sikumpunguzia hata somo moja. Alitembeza miti ya herufi A matopeni, alichomeka fimbo, alisema "labda" mbele yangu nikamrudisha kuanza upya. Nsimire alimtania, "Maman Bolumbu, jembe haiko mwiko ya fufu," naye akajibu, "Hata weye, fufu yako iko kama hii udongo." Nyumbani kwake, tulisikia kwa dereva, ngai-ngai ilipikwa na ndagala, dagaa wa Uvira, na Commissaire alikula, akaomba tena, akauliza imetoka wapi. Mke wake akamjibu, "Uende uone. Lakini ubebe ndoo."

Jumapili iliyofuata foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Nilikuwa nimesimama karibu na diploma yangu, kwa hiyo niliona kila kitu. Hakukuwa na Mercedes. Commissaire alipanda mlima kwa miguu, abakosti ileile, ndoo mkononi, akakaa kwenye foleni nyuma ya mama mmoja wa mihogo. Watu walitaka kumpisha. Akakataa kwa kichwa. Zamu yake ilipofika aliiweka ndoo mezani kwa mikono miwili.

Maman Nsimire akaimwaga, akaanza kuchambua bila haraka. Maganda ya ndizi, kushoto. Mashina ya ngai-ngai, kulia. Majivu, kushoto. Akachimba chini kabisa kwa vidole, akasimama. Akatoa kizibo cha bia, akakifuta kwa kitenge, akamnyoshea juu ya meza, mbele ya foleni nzima.

"Hii haiozake, Citoyen Commissaire."

Alikitazama kiganjani mwake. Akatazama mikanda ya majani, bustani inayowaka kijani, mke wake, bado mwanafunzi, amesimama karibu na shimo na fimbo ya Papa Sylvestre, na chini lile paa la bati. Akakitia kizibo mfuko wa abakosti, akaufunga kifungo.

"Depo itatafuta mahali pengine," akasema. "Hapa hapakatwe."

Foleni ililipuka. Ndoo zilipigwa kama ngoma, mtu akarusha maganda ya ndizi hewani kama maua ya arusi, Papa Sylvestre alisahau usafi wake akacheza juu yake. Mimi nilikuwa natafuta maneno yangu ya Kifaransa ya kushukuru, sikuyapata, na sikuyahitaji. Nsimire peke yake ndiye hakupiga kelele. Alisukuma maganda ya Commissaire kushoto, hadi yakaanguka shimoni pamoja na ya watu wote, akamrudishia ndoo yake tupu.

"Basi ingia, papa," akamwambia. "Na weye wa nyuma, leta tuone."